Kivu na Ituri: Jeep inayolala nyuma, kuongeza lame peke yake si dawa

Kwenye barabara za mashariki mwa Kongo, kuona Land Cruiser ya zamani ikitembea huku imekaa chini nyuma na pua ikiangalia juu ni jambo la kila siku. Kutoka Butembo kwenda Beni, kutoka Bunia kwenda Mahagi, kutoka Bukavu kushuka Kamanyola mpaka Uvira, wasafiri wanaipanda bila kujiuliza kitu. Wenye magari wengi wanasema ni uzee tu. Lakini gari iliyolala nyuma haishiki barabara vizuri na haisimami vizuri. Na dawa ya haraka inayotolewa katika garaje nyingi, yaani kuongeza lame moja au mbili, inaweza kuleta hatari nyingine ambayo shofere haioni mpaka siku ya kushuka mlima akiwa na mzigo.

Chuma kinachochoka

Land Cruiser za aina ya 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984. Zile zenye kazi ngumu, kama vile HZJ75, HZJ78 na HZJ79 ambazo watu wa kwetu wanazifahamu kwa injini yao ya 1HZ ya litre 4,2, zimebaki na lame nyuma. Hizi ni bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu na fupi chini, zikiwa zimepindwa kama upinde. Ile ndefu ya juu, yenye matundu mwishoni, ndiyo lame mama. Ndiyo inashikilia ponti ya nyuma mahali pake.

Kila mara gari inapoanguka kwenye shimo, upinde huo unanyooka kidogo na kurudi. Chuma kizuri kinaweza kufanya hivyo mara nyingi sana, lakini si milele. Kikibebeshwa kupita kipimo, au kikinyooshwa mpaka mwisho siku baada ya siku, kinabaki kimenyooka. Matope na maji yanaingia katikati ya lame, kutu inakula chuma, na ufa mdogo unaanza. Mara nyingi ufa huo unaanzia katikati, pale penye tundu la bulo inayozifunga lame zote pamoja. Bridi zinafunika sehemu hiyo, kwa hiyo lame inaweza kuwa imevunjika na mtu anayetazama kutoka nje asione kitu.

Mzigo wenyewe unahitaji hesabu. Tuchukue gari yenye abiria 10. Kwa kilo 65 kila mtu, tayari ni kilo 650. Kila mmoja akiwa na begi la kilo 20, ongeza 200. Weka mapipa mawili ya mazutu ya litre 200: kila pipa lililojaa linakaribia kilo 190, yaani karibu 380 kwa yote mawili. Jumla inapita kilo 1.200, bila kuhesabu chuma cha juu ya paa, pine za akiba na pare-shoki nzito zilizoongezwa. Kwa magari mengi ya aina hii, uzito ambao gari iliundwa kubeba unazunguka tani moja.

Mahali mzigo unapowekwa ni muhimu kama uzito wake. Katika gari ambayo pine za mbele na za nyuma zinatengana kwa karibu mita 3, mzigo wa kilo 100 ukiwekwa mita moja nyuma ya ponti unailemea ponti hiyo kwa kilo 133, na unaondoa kilo 33 kwenye pine za mbele. Ndiyo sababu gari inakuwa nyepesi mkononi, usukani unachelewa kuitika, na taa za mbele zinamulika macho ya wale wanaokuja badala ya kumulika barabara.

Kupima kabla ya kufungua

Kabla ya kununua chochote, fundi mwenye busara anachukua mita. Gari inasimamishwa mahali pa tambarare, bila mzigo, pine zikiwa na upepo sawa. Anapima kutoka katikati ya pine mpaka ukingo wa bodi ulio juu yake, kushoto na kulia, na kuandika. Anapima pia nafasi iliyobaki kati ya ponti na ule mpira unaozuia ponti isigonge shasi. Gari ikiwa tupu na nafasi hiyo imekaribia kwisha, lame zimekufa.

Kama pande zote mbili zimeshuka sawa, mara nyingi ni uchovu wa lame au mzigo wa kudumu. Kama upande mmoja tu umeshuka, kwanza itafutwe lame iliyovunjika, jimeli iliyopinda, au mahali lame inapofungwa kwenye shasi palipopasuka. Kama gari inaonekana kutembea kiupande, pine za nyuma hazifuati za mbele, huenda bulo ya katikati imekatika na ponti imesogea. Hiyo si ya kusubiri wiki ijayo. Gari isitoke tena mpaka itengenezwe.

Jambo moja linawapotezea watu pesa nyingi: amortisere hazibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko. Kuweka amortisere mpya kwenye lame zilizokufa hakuinui gari, na zenyewe zitaharibika mapema kwa sababu zinafanya kazi zikiwa zimebanwa.

Dawa za haraka na madeni yake

Ya kwanza ni kuongeza lame, mara nyingi iliyotolewa kwenye kamio au kwenye gari iliyokufa. Gari inainuka siku hiyohiyo na mwenye gari anafurahi. Lakini lame ya kamio ina unene na upinde tofauti. Haikai sawasawa na wenzake, inazibana sehemu moja, na lame za zamani zinavunjika hapo. Gari ikiwa tupu inakuwa ngumu kama jiwe. Pigo ambalo lame zilikuwa zinalimeza linaingia kwenye shasi. Lame ya kuongeza inafaa pale inapokuwa ya upana uleule, upinde unaolingana, imewekwa pande zote mbili, na lame nyingine bado ni nzima. Kwenye lame zilizochoka, ni kuongeza mgonjwa mwingine kitandani.

Ya pili ni kurudisha upinde. Ukifanywa kwa baridi, kwa presi au kwa nyundo, kidogokidogo na pande zote sawa, unaweza kusaidia kwa muda kama chuma hakina ufa. Lakini lame hiyo itashuka tena mapema kuliko mpya. Kuipasha moto ni jambo lingine. Lame ilipata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa haraka, kisha kupashwa tena kwa kipimo. Anayeipasha kwa shalimo au kwa makaa na kuiacha ipoe yenyewe anaifanya iwe laini. Anayeitumbukiza katika maji na kuishia hapo anaifanya ivunjike kama kioo. Bila tanuru na mtu anayejua kipimo cha joto, ni afadhali moto ubaki mbali.

Ya tatu ni kuchomelea lame iliyovunjika. Hapo hakuna mjadala. Pembeni ya mahali palipochomelewa chuma kinabadilika na kuwa kigumu chenye kuvunjika. Ikiwa ni lame mama, siku itakapokatika ponti itakuwa haina kitu cha kuishikilia upande huo.

Ya nne ni kuweka jimeli ndefu, vile vyuma viwili vinavyounganisha mwisho wa lame na shasi. Nyuma inapanda kidogo, lakini ponti inageuka, kardani inazunguka katika pembe ambayo haikupangiwa, na misalaba yake inakufa mapema. Lame zenyewe zinabaki zilivyokuwa.

Freni ambayo haijui kwamba gari imebeba

Hapa ndipo penye hatari iliyofichika. Magari mengi ya aina hii yana valvu iliyofungwa kwenye shasi nyuma, yenye fimbo inayoshuka mpaka kwenye ponti. Fimbo hiyo inapima umbali kati ya shasi na ponti. Shasi ikishuka, valvu inaelewa kwamba gari imebeba, inatuma nguvu nyingi kwenye freni za nyuma. Shasi ikiwa juu, inaelewa kwamba gari ni tupu, inapunguza nguvu hiyo ili pine za nyuma zisijifunge na kuteleza.

Gari iliyolala nyuma inaidanganya valvu. Hata ikiwa tupu, freni za nyuma zinapata nguvu ya gari iliyojaa. Kwenye udongo wenye utelezi wakati wa mvua, pine za nyuma zinajifunga na gari inageuka upande.

Kisha fundi anaweka lame ngumu, gari inainuka sentimita 5 na haishuki tena sana hata ikijazwa. Sasa uongo umegeuka: gari ina watu na mapipa, lakini valvu inaamini ni tupu. Freni za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba karibu zote, zinapata moto. Kwenye barabara ya tambarare shofere anaweza asitambue kitu. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, au kwenye ule wa Kabasha upande wa Lubero, atatambua, na huenda akawa amechelewa.

Kwa hiyo kila gari iliyoinuliwa nyuma inahitaji fimbo hiyo irekebishwe. Kama gari imepanda sentimita 4, mahali fimbo inaposhikwa panapaswa kusogezwa ili fimbo irudi kwenye mwelekeo wake wa kwanza, kisha freni zijaribiwe mahali pa wazi, polepole, gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Kuikata fimbo au kuifunga kwa waya, kama inavyofanyika mahali pengi, ni kuiacha gari na freni ya kubahatisha. Bomba za freni za nyuma nazo ziangaliwe: gari ikiinuka, zisivutwe.

Kazi inavyopaswa kufanyika

Kama lame zimekufa, dawa ya kweli ni kuweka seti nzima, kushoto na kulia, inayolingana na kazi ya gari. Anayebeba mzigo kila siku achague lame za mzigo; anayetembea mara nyingi akiwa tupu asichukue ngumu kupita kiasi. Asiyeweza kununua mpya atafute seti kamili iliyotoka kwenye gari ya aina ileile, na kila lame itenganishwe, isuguliwe kwa brashi ya chuma na kutazamwa katikati na kwenye matundu kabla ya kulipa.

Gari isimame juu ya vigingi vya chuma au magogo mapana yaliyowekwa chini ya shasi, pine za mbele zikiwa zimezuiwa. Krik ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Mawe hayafai: yanapasuka na kuteleza.

Mipira ya kwenye matundu ya lame, ambayo mafundi wanaiita silabloki, ibadilishwe wakati huohuo kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko kufungua tena. Bulo zake zikazwe kwa mwisho gari ikiwa imeshushwa chini kwa uzito wake wote. Zikikazwa huku ponti inaning'inia, mipira inabaki imejinyonga na inapasuka mapema.

Bridi ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika, hazishiki tena kwa nguvu ileile. Zikazwe kwa kuvuka, kona moja kisha ile inayoitazama, si upande mmoja kwanza. Baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya kilometa 500, zikazwe upya. Bridi iliyolegea ndiyo inaleta kukatika kwa bulo ya katikati.

Kwa Land Cruiser 80, Prado na Land Rover Defender nyingi, ambazo nyuma zina resori za kujizungusha badala ya lame, mambo ni mafupi zaidi. Resori iliyochoka hairudishwi upinde, inabadilishwa, na zote mbili pamoja. Mpira au chuma cha kuweka juu yake kinaongeza urefu lakini hakiongezi nguvu. Kwa zile zenye fimbo ya freni, suala lake linabaki lilelile.

Kabla ya safari

Lame mpya zikiwekwa kwenye gari inayobebeshwa vilevile kama zamani, zitalala vilevile. Mapipa na mifuko mizito yasogezwe mbele ya ponti, chini, karibu na kiti cha shofere. Vitu vyepesi ndivyo vikae nyuma na juu ya paa. Mwenye gari apime ule urefu kutoka katikati ya pine mpaka kwenye bodi siku lame zinapowekwa, auandike ndani ya mlango, na aupime tena kila baada ya miezi michache. Sentimita mbili zikipotea upande mmoja, gari ielekee garaje kabla haijaelekea mlimani.

Na abiria pia ana macho. Akikuta gari tupu kwenye parkingi tayari imekaa chini, imelala upande mmoja, au pine ya nyuma inagusa bodi, ana haki ya kumuuliza shofere lini lame zilitengenezwa, na kama freni zilijaribiwa baada ya hapo. Kama hapati jibu, asubiri gari nyingine.