Mvua, Mafuriko na Somo la Dini: Mtoto wa Kibera Ajibiwe Nini?

Shule za Kenya zilikuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili 2024, zikaja kufunguliwa tarehe 13 Mei. Baina ya siku hizo mito ya Nairobi ilivunja kingo zake, vyumba vya mabati vilivyojengwa kandokando ya maji vikachukuliwa, na msimu ulipokwisha nchi nzima ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 200. Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu aliyesimama mbele ya darasa huko Kibera au Kawangware wiki ile alikuwa na watoto ambao baadhi yao wameikimbia nyumba usiku. Swali lao halihitaji kuaguliwa: Je, Mwenyezi Mungu ametukasirikia?

Jibu jepesi liko tayari ulimini, nalo ni kwamba mafuriko ni adhabu ya dhambi zetu. Aghalabu husemwa kwa nia njema, na aya ya 41 ya Surat Rum hutajwa kuwa dalili, kwa kuwa yafundisha kwamba uharibifu uliodhihiri bara na baharini umetokana na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao. Lakini ni mikono ya nani? Kenya yote huchangia chini ya asilimia 0.1 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto. Mtoto wa kijiji cha Lindi, ambaye mama yake hupika kwa jiko moja la makaa na husafiri kwa miguu, hana hisabu kubwa katika uharibifu huo. Kumwambia kwamba maji yalimfuata yeye kwa sababu ya madhambi ya wazazi wake ni kumtwisha mzigo ambao aya haikumtwisha. Mtume (S.A.W.) aliwahesabu katika mashahidi mtu afaye maji na mtu aangukiwaye na jengo. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, na sioni somo litangulialo hilo kwa mtoto aliyezika jirani.

Baada ya faraja ndipo yaja maarifa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, kifungu cha 21, imeitaka taasisi ya kitaifa ya mitaala iingize jambo hili katika masomo ya ngazi zote. Wengi wetu tumelielewa kuwa ni kazi ya mwalimu wa sayansi, ilhali vipindi vya dini vina milango yake wazi: tahara, akhlaki, muamalat, sira. Hakuna haja ya kitabu kipya. Kinachotakiwa ni mwalimu aufungue mlango ulio karibu na maisha ya mtoto.

Tuchukue tahara. Katika sehemu nyingi za Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka bei hupanda. Yapokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni robo ya pishi ile tunayoijua sote kwa zakatul-fitri, na ikitiwa maji hukaribia thuluthi mbili za lita. Mpe mtoto hesabu hiyo na mtungi wa nyumbani kwao, naye atagundua mwenyewe kwamba mtungi mmoja watosha udhu wa watu 30 hivi. Kisha mfungulie bomba la msikitini, atazame kiasi hicho kikipita kabla mtu hajamaliza kusukutua. (Wengi hupenda kuitaja hadithi ya Saad kukatazwa israfu ya maji hata akiwa mtoni. Imo katika Ibn Majah, na wanazuoni wameutilia shaka upokezi wake. Ile ya mudi ni sahihi, nayo yatosha.) Ukame uliolikumba eneo letu tangu mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo, huwa na maana mpya kwa mtoto aliyekwisha kupima maji kwa kibaba.

Mlango wa pili uko nje ya darasa. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na wazee wa Kinubi, Waislamu walioletwa kama askari, wameishi hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita. Msitu umekwisha. Mto Motoine huteremka hadi bwawa la Nairobi, lililochimbwa miaka ya 1950 na kupata kuwa mahali pa kuendeshea mashua za tanga. Leo limejaa tope, taka na gugumaji. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na kujisaidia penye maji, njiani na kivulini kumekatazwa na Mtume mwenyewe. Mtoto wa Silanga anayepita kando ya bwawa hilo haambiwi habari za nchi ya mbali.

Huko Kawangware somo ni jingine, nalo ni chungu zaidi. Ng'ambo tu ni Lavington, penye bustani na miti mikubwa. Mvua ni ile ile. Huko ardhi huinywa. Huku hukuta mabati, saruji na mitaro iliyozibwa. Mwalimu asemapo kwamba Mwenyezi Mungu ameweka mizani, mwanafunzi ana haki ya kuuliza ni nani aliyeipunja. Februari 2024, wiki chache kabla ya maafa, wanazuoni walizindua humo humo Nairobi, katika makao ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri, waraka wa Kiislamu juu ya mazingira uitwao Al-Mizan. Ni kazi nzuri, lakini sijui kwa nini kazi kama hizi hukawia mno kutoka Gigiri kufika Gatina.

Na tusiwadanganye watoto kwa kutupa kila kitu kwenye tabianchi. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliona kwamba joto la dunia liliongeza sana nguvu ya mvua za mwisho wa 2023, zile zilizotesa Tana River na Mombasa yetu. Lakini katika mvua za 2024 waliona mchango mdogo zaidi, wakaonyesha kidole kwenye ujenzi wa kandokando ya mito na msongamano wa mji. Ukweli ni amana hata darasani.

Sisi wa pwani tuna mfano wa jirani. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitengwa kihifadhiwe mwaka 1998, na uvuvi wa baruti ulikuwa tatizo. Mwaka 1999 Fazlun Khalid na taasisi yake ya Kiislamu ya mazingira waliendesha mafunzo ya Qur'ani na uhifadhi, wavuvi wakizungumzishwa kwa lugha ya amana na ukhalifa wa mwanadamu. Agizo la serikali huogopwa askari anapoonekana. Mvuvi aliyeambiwa kwamba samaki wale ni amana ya Mola wake hana pa kujificha baharini.

Basi mama, mtoto arudipo chuoni, muulize amefundishwa nini juu ya mvua. Lipo tukio zuri la sira: mtu aliingia msikitini Ijumaa, Mtume akiwa katika hotuba, akalalamikia ukame, Mtume akaomba, ikanyesha juma zima. Ijumaa ya pili wakaja kulalamika kwamba nyumba zaanguka, akaomba mvua iwe pembezoni mwao na isiwe juu yao. Hakuwakemea kwa dhambi zao, wala hakuichukia mvua. Watoto waihifadhi dua hiyo, kisha maalim awatoe nje na majembe. Masika huanza Machi, na mitaro huzibuliwa vyema Februari, muhula wa kwanza ukiwa katikati.