Basi la Kliniki Lisimame Sawa

Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia wanaume wa garaji. Katika vikundi vyetu vya Dilala na Manika limezuka tena lile wazo la kununua basi kuukuu, la aina ile inayopeleka wafanyakazi mgodini, na kuligeuza kituo cha afya kinachotembea: kupima wajawazito, kupima uzito wa watoto na kutoa chanjo upande wa Mutshatsha na Kasaji, ambako mama hutembea siku nzima kumfikia muuguzi. Wazo hilo si geni. Kule Kenya, kampeni ya Beyond Zero iliyozinduliwa mwaka 2014 na mke wa rais wa wakati huo, Margaret Kenyatta, ilipeleka magari ya kliniki katika kaunti 47 kwa ajili ya mama wazazi na watoto. Nasi pesa za likelemba zimeanza kuhesabiwa. Lakini katika mikutano tunasikia habari za rangi, vitanda na mapazia tu. Hatujasikia anayeuliza basi hilo likifika kijijini litasimama vipi.

Kijijini hakuna uwanja wa saruji. Basi litaegeshwa chini ya mwembe, gurudumu moja juu ya mzizi na jingine katika mfereji wa mvua. Basi ambalo ekseli zake zimeachana mita 6, likiinama digrii moja tu kwenda mbele, tofauti ya kimo kati ya ekseli hizo ni kama sentimita 10. Jicho linaweza lisione, lakini vyombo vinaona. Mizani ya mezani ya kupimia watoto wachanga inataka kukaa sawa, la sivyo mtoto aliyekonda ataandikwa kilo zisizo zake. Mama aliyelazwa kichwa kikiwa chini ya miguu hapumziki. Friji ya gesi au ya mafuta ya taa ndiyo inayoumia zaidi. Friji hiyo haina mota: moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, kisha umajimaji hurudi wenyewe katika mabomba kwa uzito wake. Friji ikiinama sana, mzunguko hukwama na ubaridi hupotea. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Mtoto aliyechomwa sindano ya chanjo iliyoharibika ataonekana amechanjwa katika karatasi, na surua itamkuta vilevile.

Sasa tuingie chini ya basi, kwa maneno tu kwanza. Mabasi mengi makubwa hayakai juu ya springi za chuma. Yanakaa juu ya mifuko ya mpira mnene iliyojazwa hewa. Wazee wa nchi hii, walioyeyusha shaba na kuitengeneza misalaba iliyotumika kama pesa, walijua nguvu ya mvukuto. Mfuko wa basi ni ndugu wa mvukuto huo, ila wenyewe hauachilii hewa: unaishika ili ibebe mzigo. Hesabu yake watoto wetu wa sekondari wanaiweza. Mfuko wenye upana wa sentimita 25 una eneo la sentimita za mraba kama 490. Ukiutia hewa yenye msukumo wa kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, unabeba karibu tani mbili na nusu. Mifuko minne nyuma na miwili mbele, na basi zima limeinuliwa kwa pumzi.

Kati ya mwili wa basi na ekseli kuna vali ndogo yenye mkono. Abiria wakipanda, mwili unashuka, mkono unasukumwa, vali inaingiza hewa mpaka kimo kirudi. Wakishuka, vali inatoa hewa. Ule mlio wa "pshhh" tunaousikia basi likisimama, mara nyingine ndiyo hiyo. Kwa kawaida vali ni tatu, si nne: moja inatawala mifuko yote ya mbele, na nyuma kuna moja kila upande. Aliyepika kwa mafiga anajua sababu. Mafiga matatu hayayumbishi chungu hata ardhi ikiwa mbaya. Ya nne ikiongezwa, daima kuna moja linalopigana na wenzake.

Hapa ndipo wengi hudanganyika, hata mafundi. Vali hizo zinaweka mwili wa basi sawa na ekseli zake, na ekseli zinafuata ardhi. Ardhi ikiinama, basi linainama nayo, na vali zinaona mambo yote ni mazuri. Kwa hiyo basi la kliniki linahitaji njia ya pili ya hewa, ya wakati wa kuegesha tu. Fundi anafunga bomba za mkono tatu, kwa mpango uleule wa mafiga: mbele, nyuma kulia, nyuma kushoto. Kila bomba linajaza au kutoa, na lina saa yake ya kuonyesha msukumo. Bomba kuu moja linachagua: ama vali za safari zinafanya kazi, ama mkono. Dereva anaweka pimamaji sakafuni, kwa urefu kisha kwa upana, anapandisha upande wa chini na kushusha wa juu kidogo kidogo mpaka tone la hewa likae katikati. Sisi tungependa ufunguo wa kuwashia injini utundikwe kwenye bomba hilo kuu, ili asiondoke akiwa amesahau kulirudisha kwenye safari.

Mifuko haifanyi miujiza. Inapandisha sentimita chache tu juu ya kimo cha kawaida. Mteremko ukiwa mkali, mbao pana chini ya magurudumu ya upande wa chini zitafanya kazi kubwa kuliko hewa, na hazina gharama.

Jambo ambalo hatutaki kikundi chochote kilipuuze ni breki. Katika mabasi haya kompresa ileile inayojaza mifuko ndiyo inayojaza matungi ya breki. Fundi mwenye haraka anaweza kuchomeka bomba la mifuko popote anapoona hewa, na basi litainuka vizuri, watu watapiga makofi. Siku mfuko utakapopasuka kwenye barabara ya Likasi, mbele ya lori lililojaa shaba, hewa ya breki itatoka nao. Kazi iliyo sawa ina tungi la pekee kwa ajili ya mifuko, na kabla ya tungi hilo vali ya ulinzi ambayo haifunguki mpaka breki zimeshiba, na inayojifunga hewa ikivuja upande wa mifuko. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, basi liiname, breki zikae salama. Na basi lenye springi za chuma tusilinunue kwa nia ya kulifungia mifuko baadaye. Litataka kuchomelea vishikio kwenye ekseli, na ekseli iliyochomelewa ovyo huvunjika bila kuaga.

Basi likishakuwa sawa, bado linatikisika kila mama anapopanda ngazi, kwa kuwa hewa ni hewa. Muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto hawezi kufanya kazi hivyo. Kwa hiyo hewa inyanyue, kisha miguu minne ya chuma yenye skrubu ishushwe ili ishike. Kila mguu ukae juu ya ubao mpana, maana kuanzia Novemba udongo wetu mwekundu unameza chuma. Magurudumu yazuiwe kwa magogo. Na mtu yeyote asiingie chini ya basi linaloshikwa na hewa peke yake. Bomba likichomoka, tani kumi zinashuka kabla hujatoa kichwa. Hilo tunawaambia hasa kwa ajili ya watoto: basi lililosimama chini ya mwembe lina kivuli kizuri, na wao watakitafuta. Wakati kliniki ikifanya kazi, mama mmoja apewe zamu ya kuzunguka basi.

Matunzo mengine hayahitaji diploma ya ufundi. Hewa iliyobanwa hutoa maji ndani ya tungi, hasa wakati wa mvua, na maji hayo hula vali. Kila asubuhi bomba la chini ya tungi lifunguliwe yatoke. Kiangazi kazi ni kuosha vumbi kwenye mikunjo ya mpira na kutafuta nyufa.

Jumamosi ambayo kikundi kitakwenda kuangalia basi la kwanza, tutachukua pimamaji, bakuli la maji ya sabuni na mita ya fundi wa kushona. Sabuni itapakwa kwenye kila kiungo cha hewa. Panapovimba povu ndipo panapovuja. Mita ni ya kupimia kimo cha kona nne za basi jioni, injini ikizimwa, na tena asubuhi kabla haijawashwa. Muuzaji asiyekubali basi lilale mpaka asubuhi likiwa limepimwa, tutamshukuru kwa muda wake na kuondoka na pesa zetu.