Hesabu Mbili za Umeme

Chukueni kalamu na daftari. Ninyi mlio katika kikundi, mchagueni mmoja aandike ubaoni tarakimu nitakazozitaja.

Leo tutajifunza hesabu mbili tu, moja ya kugawanya na moja ya kuzidisha. Mtu azijuaye hesabu hizi aweza kutambua kama waya za nyumbani kwake zinabeba mzigo wa kadiri, au mzigo uwezao kuunguza nyumba.

Kwanza tufahamu maneno matatu. Fikirini pipa la maji lililowekwa juu ya jukwaa, na mpira umetoka chini yake. Pipa likiinuliwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo wa umeme hupimwa kwa volti. Maji yapitayo katika mpira kila sekunde ni mfano wa mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa ampea. Mpira ukiwa mwembamba, maji hupita kwa shida. Katika umeme shida hiyo ya njia huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Jina hili latokana na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani, ambaye mwaka 1827 alitoa kitabu kilichoeleza jinsi vipimo hivi vitatu vinavyohusiana.

Sasa andikeni hesabu ya kwanza:

Volti ÷ ampea = omu.

Tuchukue tochi ya betri mbili. Kila betri ina volti 1.5, mbili zikifuatana ni volti 3. Kama globu yake inapitisha ampea 0.3, basi 3 ÷ 0.3 = 10. Ukinzani wa globu inapowaka ni omu 10.

Hesabu ya pili ni hii:

Volti × ampea = wati.

Wati ni kipimo cha nguvu, yaani kazi ambayo umeme unafanya kila sekunde. Kwa tochi yetu, 3 × 0.3 = 0.9. Haifiki hata wati moja.

Tutoke kwenye tochi, tuingie nyumbani. Umeme wa majumbani katika Tanzania ni wa volti 230. Pasi inayotumia ampea 5 ina ukinzani wa 230 ÷ 5, yaani omu 46. Nguvu yake ni 230 × 5, yaani wati 1,150. Jiko linalotumia ampea 10 lina omu 23, na nguvu yake ni wati 2,300.

Je, mmeona? Jiko lina omu chache kuliko pasi, lakini wati zake ni nyingi zaidi. Msishangae. Msukumo ni ule ule. Njia ikiwa nyepesi, umeme mwingi zaidi hupita.

Sasa tufike kwenye jambo lenye hatari. Mtu ana soketi moja ukutani. Anachomeka waya mrefu wa kuongezea, halafu anaweka humo pasi na jiko pamoja. Ampea 5 na ampea 10 ni 15. Lakini plagi ya waya ule ina fyuzi ya ampea 13. Mzigo umezidi.

Waya wenyewe nao una ukinzani. Tuseme ni omu 0.2. Pasi ikiwa peke yake, ampea 5 × omu 0.2 ni volti 1 inayopotea njiani. Volti 1 × ampea 5 ni wati 5 za joto ndani ya waya. Jiko likiongezwa, ampea 15 × omu 0.2 ni volti 3. Volti 3 × ampea 15 ni wati 45. Ampea zimekuwa mara tatu, lakini joto limekuwa mara tisa! Na joto hilo labda liko chini ya mkeka au nyuma ya pazia.

Msiseme, “Fyuzi itatulinda.” Mzigo ukizidi kidogo, fyuzi yaweza kuchelewa kukatika, na waya ukazidi kupata moto. Tena wapo watu ambao fyuzi ikikatika huweka kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake. Mtu huyo amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Wekeni fyuzi ya kipimo kile kile, na mpunguze mzigo.

Wala hamna haja ya kupima wenyewe kwa kugusa waya. Kazi hiyo ni ya fundi. Tazameni kibandiko cha chombo. Mara nyingi kimeandikwa wati. Gawanyeni wati kwa volti, mtapata ampea.

Zoezi. Birika la umeme limeandikwa volti 230, wati 1,840.

1. Linatumia ampea ngapi?
2. Ukinzani wake ni omu ngapi?
3. Je, laweza kutumika pamoja na pasi ya ampea 5 kwenye plagi ya fyuzi ya ampea 13?

Majibu:

1. 1,840 ÷ 230 = ampea 8.
2. 230 ÷ 8 = omu 28.75.
3. 8 + 5 = 13. Mzigo umefika ukomo. Usiongeze kitu kingine, hata redio.

Asiyepata jibu arudie mfano wa pasi.