Qasil, Magadi na Jua: Usafi wa Nyumbani Katika Nchi ya Maji Magumu

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, suala la kufua nguo na kusafisha nyumba kwa vitu vya asili haliwezi kuelezwa vizuri bila kuanza na maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayoamua iwapo sabuni itatoa povu au itaishia kuwa utando wa kijivu ndani ya beseni. Mji wa Garissa uko kando ya mto Tana, ambao maji yake hubeba tope kila mvua inaponyesha nyanda za juu; Mandera inautegemea mto Daua, ambao hukauka wakati wa kiangazi; na Wajir, isiyokuwa na mto wa kudumu, imeishi miaka mingi kwa visima vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa. Maji yanayopenya katika mawe hayo huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu, na yanapokuwa na madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu.

Sabuni ya kipande, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na kostiki soda, haielewani na maji ya namna hiyo. Kabla haijaufikia uchafu wa nguo, sabuni hushikana na kalsiamu iliyomo majini na kugeuka ukoko usioyeyuka, ambao huganda kwenye nyuzi za kitambaa, hufanya taulo kuwa ngumu na kuipa kanzu nyeupe rangi ya vumbi hata baada ya kusuuzwa mara tatu. Mfuaji hulazimika kutumia sabuni nyingi zaidi na maji mengi zaidi, na katika eneo ambalo mtungi wa maji una bei, hasara hiyo huonekana kila wiki. Kwa hiyo thamani ya kitu cha asili hapa haitokani na kuwa kwake cha asili. Inatokana na kufaa kwake kwa maji yaliyopo.

Kwa kipimo hicho, kitu cha kwanza kinachostahili kutajwa ni qasil. Huu ni unga wa majani ya mti ambao Wasomali huuita gob, nao ni wa jamii ya mikunazi, ile ile ambayo watu wa pwani huijua kwa matunda yake madogo na miiba yake. Majani huchumwa, huanikwa kivulini ili yasipoteze nguvu kwa jua kali, kisha hutwangwa katika kinu na kuchekechwa mpaka upatikane unga laini wa kijani. Unga huo unapokorogwa katika maji ya uvuguvugu huwa rojo jepesi lenye povu dogo dogo, na wanawake wa Kisomali wameutumia kwa vizazi vingi kuosha nywele na kusafisha ngozi. Leo hii huuzwa masokoni Garissa na katika maduka ya Eastleigh jijini Nairobi, na umeanza kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani katika vifurushi vya vipodozi, kwa bei ambayo mchumaji wa majani wa Wajir hangeiamini.

Kinachofanya kazi ndani ya unga huo ni saponini, yaani kemikali ambazo mimea mingi hujitengenezea na ambazo hutoa povu zikikutana na maji. Kila chembe ya saponini ina upande unaoshikana na maji na upande mwingine unaoshikana na mafuta. Upande wa mafuta huukamata uchafu wenye jasho na grisi, na upande wa maji huuvuta utoke pamoja na maji ya kusuuzia. Sabuni ya dukani nayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, lakini kuna tofauti moja kubwa ambayo wakazi wa Wajir waliijua kwa mikono yao kabla haijaandikwa popote: saponini haigandi upesi inapokutana na kalsiamu kama ifanyavyo sabuni, na hivyo hutoa povu hata katika maji ya kisima ambayo yangeishinda sabuni ya kipande. Bibi aliyeosha nywele zake kwa qasil kando ya kisima alikuwa amechagua kisafishio kilichoendana na maji ya nchi yake, na chaguo hilo linastahili heshima ya kielimu ambayo halijapewa vya kutosha.

Mti huu una nafasi ya pekee pia katika dini. Sunna ya Kiislamu inaagiza maiti aoshwe kwa maji yaliyochanganywa na majani ya mkunazi, ambao kwa Kiarabu huitwa sidri, na desturi hiyo hufuatwa Garissa kama inavyofuatwa Lamu na Mombasa. Jani linaloaminiwa kwa mwili wa marehemu, ambao huoshwa kwa upole kuliko kitu chochote, linaweza kuaminiwa kwa nguo laini kama hariri, sufu na mashela mepesi, ambazo sabuni kali ya unga huzichakaza mapema. Kwa kufulia, inafaa unga usimwagwe moja kwa moja juu ya nguo. Vijiko viwili au vitatu vifungwe katika kitambaa chembamba, vilowekwe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kisha kitambaa kikamuliwe mpaka povu litoke, ili chembe za majani zisibaki kwenye mishono. Nguo nyeupe hazifai kufuliwa hivyo, kwa sababu rangi ya majani huweza kubaki na kuzifanya zionekane zimefifia.

Mkunazi si mti pekee wenye saponini katika ukanda huu. Mjunju, mti wa miiba unaostahimili ukame na ambao matunda yake huliwa, una saponini katika magome na mizizi yake, na jamii nyingi za maeneo makavu ya Afrika zimeutumia kama sabuni. Nchini Ethiopia wanawake walifua kwa tunda la mmea uitwao endod, na mwaka 1964 mwanasayansi Aklilu Lemma aliona katika mji wa Adwa kwamba konokono waliokuwa mtoni chini ya mahali pa kufulia walikuwa wamekufa. Kwa kuwa konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, ugunduzi huo ulimletea yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Lakini habari hiyo ina upande wa pili ambao mtumiaji wa mjunju hana budi kuuzingatia: saponini inayoua konokono huua samaki pia, na hivyo maji ya kufulia yaliyokolea hayafai kumwagwa mtoni wala karibu na kisima, hata kama kila kilichomo kimetoka mtini.

Kwa nguo za pamba zenye uchafu mwingi, kama vile mashuka, macawis (vikoi vya wanaume wa Kisomali) za kazini na sare za shule, qasil haitoshi, na hapo ndipo magadi yanapoingia. Magadi ni chumvi ya sodiamu kabonati iliyochanganyika na sodiamu bikabonati, na Kenya ina hazina yake kubwa katika Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, ambako uchimbaji wa kibiashara umekuwepo tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoanzishwa mwaka 1911. Magadi yaliyochomwa kiwandani hutumiwa kutengenezea kioo na sabuni za unga. Wapishi huyajua kwa kulainisha maharage na githeri. Katika beseni la Wajir yana kazi nyingine, nayo ni kulainisha maji yenyewe: yakiyeyushwa humo, kabonati hushikana na kalsiamu na kuwa unga mweupe wa chokaa unaotuama chini, na maji yaliyobaki juu hukubali sabuni kwa urahisi. Njia bora ni kuyayeyusha magadi kwanza, kuyaacha maji yatulie mpaka weupe ushuke, kisha kuyamimina polepole katika beseni jingine kabla ya kutia sabuni. Anayetia vyote kwa pamoja hupoteza sehemu ya sabuni na kuirudisha chokaa kwenye nguo.

Magadi yana ukali ambao haupaswi kupuuzwa. Huharibu sufu na hariri, hukausha mikono isiyo na glavu, na huitia sufuria ya alumini weusi na kuila kidogo kidogo, kwa hiyo maji yake yatayarishwe katika beseni la plastiki au la bati lenye rangi ya kauri. Tena maji yaliyotumika yana sodiamu nyingi, na ardhi ya Kaskazini Mashariki tayari ina chumvi katika sehemu nyingi. Mwenye bustani ya sukumawiki nyuma ya nyumba asiyamwagie mboga zake, kwani baada ya misimu michache udongo hushikamana na kukataa kupitisha maji. Maji ya qasil, kinyume chake, yanaweza kumwagwa chini ya mti wa kivuli bila wasiwasi.

Majivu ni ndugu maskini wa magadi. Majivu ya kuni yana potasiamu kabonati, ambayo hufanya kazi inayofanana, na yanaposuguliwa kwenye sufuria yenye masizi pamoja na mchanga laini hutoa grisi vizuri sana. Mathenge, mti wa kigeni uliopandwa katika maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 na ambao sasa umevamia kingo za Tana na malisho, huchomwa kwa wingi kama kuni na makaa, kwa hiyo majivu hayakosekani Garissa. Majivu ya jiko lililochomewa plastiki au mbao zenye rangi yasitumiwe kabisa.

Limau na siki ni asidi, nazo hufanya kinyume cha magadi: huyeyusha chokaa. Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai, ambao kila nyumba ya Wajir inaujua, hutoka kwa kuchemsha maji yenye maji ya malimau mawili na kuyaacha kwa saa moja, na malimau hulimwa katika mashamba ya kando ya Tana. Ushauri unaosambaa sana wa kuchanganya siki na magadi au soda ya kuokea ili kupata kisafishio chenye nguvu mara mbili hauna msingi, kwani asidi na magadi huuana. Povu linalofoka linapendeza macho, lakini kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. La hatari zaidi ni kuchanganya limau au siki na Jik au dawa nyingine ya klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu na inaweza kuua katika choo kisicho na dirisha.

Vyombo vya maziwa vina elimu yake. Dhiil, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea na ambacho wafugaji hutumia kuhifadhi maziwa ya ngamia na kugandishia suusac, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, hufukizwa ndani kwa vijiti vya moto vya miti iliyochaguliwa, na moshi huo huacha kemikali zinazozuia bakteria kukua na kuyapa maziwa harufu inayopendwa. Biashara ya leo imehamia kwenye madumu ya plastiki yenye mdomo mwembamba, ambamo mkono haupiti na ufukizo haufiki kila pembe. Ufukizo peke yake hautoshi kwa dumu la namna hiyo. Lisuguliwe kwanza kwa maji moto na sabuni, na penye uwezo libadilishwe kwa chombo cha alumini chenye mdomo mpana.

Ubani na manemane, utomvu unaokusanywa katika misitu mikavu ya Wajir na Mandera, pamoja na uunsi, yaani uvumba unaochomwa katika dabqaad, chetezo cha Kisomali, huondoa harufu mbaya na kuipa nyumba heshima yake. Havisafishi kitu, na moshi wake humsumbua mwenye pumu, kwa hiyo milango iachwe wazi. Jua ndilo linalosafisha. Miale yake isiyoonekana huua bakteria wengi na ukavu wake huua wengine, na katika mji kama Garissa, ambako joto hupita nyuzi 35 kwa siku nyingi za mwaka, magodoro, mikeka na nepi zilizoanikwa saa sita mchana hupata tiba ambayo nchi nyingi hulazimika kuinunua kwa umeme.

Hata hivyo, kuna mpaka ambao qasil, magadi, majivu na limau haviuvuki. Kutoa uchafu ni jambo moja na kuua vijidudu ni jingine, na eneo hili halina nafasi ya kuyachanganya mawili hayo: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 uliziathiri kambi za wakimbizi za Dadaab na kaunti za Kaskazini Mashariki, na mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yaliingiza maji machafu majumbani Garissa. Nyumba yenye mgonjwa wa kuhara au iliyoingiwa na mafuriko inahitaji klorini. Dawa ya dukani inayoonyesha asilimia 3.5 ya klorini, ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, hutoa nguvu ya asilimia 0.5 inayofaa kwa sakafu na vyombo vilivyoguswa na matapishi au kinyesi, mradi uchafu uwe umeondolewa kwanza na mchanganyiko utengenezwe upya kila siku.

Kwa siku nyingine zote, mahitaji ya nyumba yanaweza kukua uani. Mwarobaini umepandwa kila kona ya mji wa Garissa na mathenge umejipanda wenyewe, ilhali gob, unaotoa kivuli, matunda, malisho ya mbuzi na kisafishio kinachokubaliana na maji magumu, huonekana kwa nadra katika vitalu vya miche. Wasimamizi wa vitalu vya kaunti, shule na misikiti wauoteshe kwa wingi, na mwenye nyumba anayengoja mvua za deyr za Oktoba hadi Desemba ili apande mti mmoja, aupande huo.