Skrinshoti siyo pesa: angalia salio kabla mzigo haujatoka

Leo naomba tuongee kuhusu kitu kinachokula mitaji yetu kimya kimya, yaani meseji feki za malipo. Kwenye magrupu ya wauzaji ndiyo kilio cha kila siku: mzigo umeshaondoka na bodaboda, pesa haijaingia, na namba ya mteja haipatikani.

Mimi nauza magauni. Nachukua Kariakoo, nauza kwa WhatsApp na Instagram. Kabla hujasema "ah, si gauni moja tu", tupige hesabu. Gauni nalichukua kwa 32,000 nauza 45,000, kwa hiyo faida ni 13,000, na hapo sijatoa bando wala mfuko wa kufungia. Likienda moja bure, faida ya kuuza moja haitoshi kulirudisha, ya mawili nayo haitoshi. Mpaka niuze matatu ndipo ile 32,000 irudi, na kwa kazi yote hiyo ninabaki na 7,000. Sasa chukua mwenzetu mwenye mtaji wa laki tatu. Hayo ni magauni tisa. Wakimpitia matapeli watatu ndani ya mwezi, theluthi ya duka imekwenda.

Tapeli haji ovyo ovyo. Anakuja jioni, oda zimebanana, simu inaita, boda yuko mlangoni anakuuliza "dada, vipi, niende?" Anaulizia saizi, anabembeleza bei kidogo, anakubali. Dakika chache baadaye anakutumia skrinshoti ya muamala, au inaingia meseji kabisa inayosema umepokea 45,000. Halafu anaanza kukuharakisha: nasafiri, mgonjwa, sherehe ni kesho asubuhi. Haraka hiyo ndiyo silaha yake kuu. Anajua ukitulia dakika moja utamgundua.

Skrinshoti sina hata haja ya kuieleza sana. Ni picha, na picha inahaririwa kwenye simu hiyo hiyo ya elfu themanini. Usiitumie kama ushahidi wa chochote.

Meseji ndiyo inayowachanganya watu. Ya kwanza kuangalia ni imetoka wapi. Ikitoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, hapo maliza mazungumzo. Lakini usiishie hapo, kwa sababu jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa na wanaojua. Angalia salio lililoandikwa ndani ya meseji. Meseji ya kweli inakuonyesha salio jipya, na salio jipya lazima liwe salio lako la mwanzo kuongeza alichotuma. Kama ulikuwa na 18,500 na mtu ametuma 45,000, isome 63,500. Tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hiyo anabahatisha au haandiki kabisa. Mimi hesabu hii naipenda kwa sababu haihitaji intaneti wala utaalamu.

Halafu, hata kama kila kitu kimekaa sawa, ingia kwenye menyu mwenyewe uangalie salio. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas *150*01#. Au fungua programu ya mtandao wako. Inachukua chini ya dakika moja. Kama mtandao unasumbua, mzigo unasubiri. Mteja wa kweli ataelewa, na akichukia, basi bora achukie gauni likiwa bado liko kwako.

Kuna mmoja aliniambia "dada yangu, mtandao wenu unachelewa, wewe mtume tu boda, pesa itaingia". Nikamjibu kwa upole kwamba boda yupo hapa hapa na ataondoka salio likibadilika. Akasema sawa, anawapigia huduma kwa wateja. Mpaka leo yuko kwenye laini anawasubiri.

Wapo pia wa "nimekosea kutuma, naomba unirudishie". Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza, pesa haikuingia kabisa, ni meseji feki, na wewe ukirudisha unatoa yako. Wa pili, pesa imeingia kweli, unamrudishia kwa mkono wako, kisha anaomba mtandao urudishe muamala ule ule. Jibu ni moja: mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio warudishe. Wewe usiitume, na usiitumie pia, maana siyo yako. Meseji za utapeli zipeleke kwenye 15040, ndiyo namba iliyowekwa kwa kazi hiyo hapa Tanzania.

Sasa tukija kwenye kupanga kazi, tumia WhatsApp Business. Ni ya bure. Ina lebo za kubandika kwenye mazungumzo ya wateja: oda mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Sheria yangu ni kwamba lebo ya "amelipa" inawekwa na aliyeona salio kwa macho yake, siyo aliyeona meseji. Kama una msichana anayekusaidia kufunga mizigo, yeye afunge za lebo hiyo tu. Hapo hata ukiwa sokoni huhitaji kupigiwa simu kila mara.

Tengeneza pia majibu ya haraka, yale ya kuandika mkwaju na neno moja. Langu ni /lipa, na linatoa hivi: "Asante kwa oda yako. Tafadhali lipa kwa Lipa Namba yetu, hakikisha jina la duka limetokea kabla ya kuweka namba ya siri. Tukishathibitisha malipo, mzigo unatoka." Ukimtumia kila mteja maneno hayo hayo tangu mwanzo, hakuna atakayeona umemshuku yeye. Na kama bado unapokelea kwenye laini yako binafsi, fungua Lipa Namba. Pesa ya duka ikikaa peke yake, salio linasomeka haraka. Ikichanganyika na hela ya kikoba na ada ya mtoto, hata wewe mwenyewe hutajua 45,000 ipi ni ya nani.

Boda naye mpe utaratibu. Wa kwangu haondoki kwa kuambiwa na mteja kwenye simu, anaondoka kwa neno langu. Kama mteja analipa akipokea, mzigo unabaki kwenye pikipiki mpaka nimpigie boda kumwambia imeingia.