Kuanzisha Wiki Yenu (Sehemu ya 2): Msingoje Ukurasa Ukamilike

Juma lililopita tulieleza kwamba wiki ni tovuti ambayo msomaji wake ana ruhusa ya kuisahihisha. Kabla ya kuijenga, tuondoe hofu ambayo huwazuia wengi: kila mtu akiandika atakavyo, si itaharibika?

Jimmy Wales na Larry Sanger walijihami mno dhidi ya jambo hilo katika Nupedia, kamusi elezo waliyoianzisha mwaka 2000. Makala ziliandikwa na wataalamu na kupitia hatua saba za ukaguzi. Hadi ilipofungwa mwaka 2003, zilizokamilika hazikufika 30. Lakini Januari 15, 2001 walikuwa wamefungua Wikipedia kando yake, kwa mtindo wa wiki ambao Ward Cunningham aliuzindua Marekani mwaka 1995. Mwaka ule haukwisha kabla Wikipedia haijafikisha makala karibu 20,000.

Kinachoilinda wiki ni historia ya ukurasa. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa yake, na toleo la zamani halipotei. Mtu akifuta ukurasa mzima, mwenzake huurudisha kwa kubofya mara chache. Kuharibu kunachosha kuliko kutengeneza, mradi wapo watu wawili watatu wanaopitia orodha ya mabadiliko kila siku. Wateueni watu hao kabla ya kununua chochote.

Programu zipo za bure. MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, ni imara, ila inadai seva yenye hifadhidata na fundi wa kuitunza. Kwa kikundi kidogo, tuseme walimu wa historia wa wilaya moja, ningechagua DokuWiki. Kurasa zake ni mafaili ya maandishi matupu, hivyo kuweka nakala ya akiba ni kunakili folda tu. Wekeni sharti la kujiandikisha kabla ya kuhariri; bila hilo roboti za matangazo zitawavamia.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Msiwaalike watu kwenye wiki tupu, wala msiwaalike kwenye wiki iliyokamilika. Andikeni wenyewe kurasa chache, kisha ziacheni na mapengo yanayoonekana: tarehe isiyojulikana, kiungo chekundu kinachoelekea ukurasa ambao haujaandikwa. Anayelijua jibu hawezi kuvumilia pengo hilo. Mzee ambaye hangekubali kuandika makala nzima atakubali kusahihisha jina la mtemi lililokosewa, na kesho atarudi kuongeza sentensi.

Leseni nayo iamuliwe siku ya kwanza. Wikipedia hutumia ile ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kubadili, kwa sharti la kuwataja waandishi na kutoa kazi mpya kwa masharti yaleyale. Mkiichelewesha, siku mtakapotaka kuchapa kitabu mtalazimika kumtafuta kila aliyechangia, mmoja mmoja, mumwombe ridhaa.