Mvua ya usiku, namba ya asubuhi

Kipimamvua kiko nyuma ya darasa, ndani ya uzio wa waya, mbali na miti. Saa tatu asubuhi mwalimu huondoa faneli, hutoa chupa na kumimina maji polepole kwenye bilauri nyembamba yenye mistari. Kisha huinama mpaka jicho lilingane na maji, asome pale yanapobonyea katikati, si pale yanapopanda ukutani. Kama hakukunyesha, huandika sifuri kwenye daftari. Nafasi tupu, anashikilia, ni uongo: nani atajua kama palikuwa pakavu au yeye hakuja?

Shule hii iko kwenye miteremko ya juu ya Mai Mahiu, Kenya. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyozuiliwa na uchafu kwenye kalvati chini ya reli, eneo la Old Kijabe, yalifumuka yakakizoa kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha kuhusu mvua kubwa. Lakini tahadhari ya eneo zima haimwambii mama wa Kamuchiri kwamba leo asilale pale.

Mbona basi hakuna tahadhari ya mteremko wenyewe, kila siku? Mwalimu alifungua daftari. Milimita 40, alisema, zikinyesha usiku kucha udongo huzinywa. Zikimwagika kwa saa moja, mteremko huondoka. Daftari huziandika kwa namna moja. Kipimamvua kinachojiandikia kila saa kingezitenganisha, ila kinataka betri, mtandao na mtu wa kutoa majani kwenye faneli. Tena kuna daftari lisilokuwepo kabisa: la udongo. Maporomoko madogo, yanayofunika kipande cha viazi tu, hayaandikwi na yeyote. Bila rekodi hizo, nani atajua ni mvua kiasi gani huangusha mteremko huu?

Uswisi, inayotoa taarifa za hatari ya maporomoko ya theluji tangu 1945, hutegemea watu kama mwalimu huyu, wanaokwenda kupima theluji milimani na kuandika kila poromoko wanaloliona. Milima isiyo na watu hao hukosa taarifa, iwe ya theluji au ya matope. Kaunti ya Pokot Magharibi ilizika watu wake Novemba 2019; huko udongo uliporomoka usiku.

Nilimuuliza mwalimu: mvua ikizidi saa tisa usiku, nani awaamshe watu? Alisema chifu. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba chifu naye angempigia yeye kumuuliza.